Glavu za Thankful Crowell

Zamani mtu akifariki Hobbs Cove, habari ya msiba haikuzagaa barabarani kama uvumi wa mbuzi aliyeibwa. Ilikufikia mlangoni kwako, imekunjwa kwenye karatasi safi: jozi ya glavu. Ukipokea glavu, umeitwa mazikoni. Usipopokea, unabaki na kazi zako na hakuna wa kukulaumu, kwa sababu kwenda msibani bila kuitwa ilikuwa aibu, na watu wa pwani ile ya Massachusetts waliona afadhali waitwe wagumu wa moyo kuliko waitwe wadoezi. Tajiri alitoa glavu za ngozi laini ya mwanambuzi, zilizotoka Uingereza kwa meli. Mwenye hali ya kati alitoa za kondoo, nazo za Uingereza vilevile. Maskini aliomba radhi. Siku hizi tunafukiwa kama viazi, lakini hii ni habari ya wakati ule, na ya mtu aliyezibeba glavu hizo.

Mtu huyo alikuwa Shubael Crowell. Kwa miaka thelathini na mmoja ndiye aliyepiga kengele ya kanisa, ndiye aliyechimba makaburi, na ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na kapu la glavu mkononi. Alikuwa mrefu, mkimya, ameinama kidogo kama mlingoti uliozoea upepo wa upande mmoja. Kila msiba, wafiwa walimpa naye jozi yake. Akifika nyumbani, hata kofia hajaivua, mkewe Thankful alikuwa ameshaichukua jozi hiyo mkononi mwake na kwenda kuitia kwenye sanduku la mwaloni chini ya kitanda. Watu wengine waliuza glavu zao kwa wauza vitambaa wa Boston zikishafika tano sita. Thankful hakuuza hata moja.

Thankful alikuja kutoka ng'ambo akiwa na miaka kumi na mitano, mtumishi wa mkataba, akalipia nauli ya meli kwa miaka saba ya kufua na kukamua ng'ombe wa watu. Alipokuwa huru akaolewa na mchimba makaburi, akawa mwosha maiti. Hakukuwa na mwili uliozikwa Hobbs Cove ambao mikono yake haikuujua. Lakini glavu zilikuja kwa jina la mumewe. Kwa jina lake yeye haikuja hata jozi moja. Aliwaosha wafu wa mji mzima, kisha akabaki jikoni akisikiliza kengele.

Jumanne moja ya Januari, mwaka 1770, alilala na kifua kinachokoroma, akamshika Shubael mkono.

"Siku yangu watu waje," alisema. "Lakini waje kwa kuitwa, Shubael. Wasije kwa kunihurumia. Kila nyumba ipate glavu yake."

"Watapata."

"Ziko sandukuni. Angalia ndani kwanza."

Shubael alidhani anaogopa nondo wametoboa ngozi. Akasema ataangalia. Kabla jua halijapita juu ya kanisa, Thankful alikuwa amekwisha nyamaza, na mumewe alikuwa ameahidi jambo ambalo mji mzima ulikuwa umeapa halitafanyika tena.

*

Asubuhi ya Jumatano walikuja wawili: Jabez Lothrop, fundi mapipa, mwenyekiti wa kamati ya mji ya kususia bidhaa za Uingereza, na Zaccheus Nye, mshona kofia, mdomo wa kamati. Walivua kofia, wakasimama kidogo kwenye chumba baridi alikolazwa marehemu, kisha wakakaa jikoni. Shubael akawamiminia pombe ya matofaa, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

"Pole, mzee wangu," alisema Jabez. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mabega kama mlango. "Mama huyu alikuwa mama wa wote."

"Ahsante."

"Ila kuna jambo."

"Najua kuna jambo. Zaccheus hajawahi kuamka mapema kwa ajili ya maiti."

Nye akacheka kwa pua. Jabez hakucheka.

"Ni habari ya glavu. Mkutano wa mji ulipitisha: hakuna glavu za Uingereza mazikoni, hakuna chai yao, hakuna vioo vyao, mpaka Bunge lao lifute ushuru. Ulikuwepo."

"Nilipiga kengele ya kuuita mkutano wenyewe."

"Basi unajua."

"Najua pia kwamba hizi za Thankful ni za zamani. Nyingine zina umri mkubwa kuliko ndoa yako. Hakuna peni yao itakayokwenda London leo."

"Glavu haina tarehe, mzee," alisema Jabez. "Ikipita barabarani, anayeiona haulizi ilinunuliwa lini. Atasema Hobbs Cove wamelegea. Kesho Salem watasikia, keshokutwa Boston, na huko askari wa Mfalme wanatembea na bunduki mitaani. Sisi hatuna mtu hata mmoja ndani ya Bunge lile. Wanatupangia kodi kama mtu anayepanga chakula cha farasi wake. Kitu pekee tunachoweza kuwanyima ni kununua vitu vyao. Wafanyabiashara wao wakikosa soko watalia, wakilia Bunge litasikia. Lakini mmoja wetu akifungua fundo, kamba yote inafumuka."

Shubael alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mpumbavu, aliona kwamba maneno hayo yana miguu yao ya kusimamia.

"Na watu watajuaje kwamba wameitwa?"

"Mchungaji atatangaza."

"Kutangaza ni kwa ng'ombe aliyepotea, Jabez."

"Mzee!" Nye alidakia. "Lami inachemka upesi hata siku za baridi. Na mke wangu amechinja mabata bukini wanne wiki hii. Manyoya tele! Utapendeza kuliko jogoo wa juu ya kanisa."

"Zaccheus, funga mdomo," alisema Jabez. Lakini aliposimama kuondoka, aligeukia mlangoni, na sauti yake ikashuka. "Simpendi mtu anayetamba na lami, mzee. Ila nimeapa mbele ya watu. Mwaka jana tulimpaka lami mpelelezi wa forodha, tukambandika manyoya, tukamtembeza mji mzima kwa kosa dogo kuliko hili. Nikikuacha wewe kwa sababu nakuheshimu, nitamshika nani mwingine? Usinifikishe huko."

"Maziko ni Ijumaa, saa tisa alasiri," alijibu Shubael, na akafunga mlango.

*

Mchana huo alikwenda kumchimbia mkewe kaburi. Ardhi ilikuwa imeganda kina cha mkono mzima. Aliwasha moto wa magogo juu yake, akauacha uyeyushe barafu, akafagia makaa, akapiga sururu. Akawasha tena. Katikati ya kazi hiyo akatokea Bwana Elisha Gorham, mwenye maghala, ambaye kamati ilikuwa imebandika jina lake kwenye mlango wa ukumbi wa mkutano kama adui wa nchi, kwa kuwa hakuacha kuagiza bidhaa.

"Pole, Mzee Shubael. Ardhi ngumu?"

"Ngumu kama moyo wa mwenye duka."

Gorham alicheka kwa adabu. "Nimesikia wamekukataza. Fundi mapipa ndiye anayetufundisha kuzika sasa! Hebu niambie, umewahi kujiuliza kodi yenyewe imetoka wapi? Mfalme alipigana na Wafaransa miaka saba. Akawatoa Kanada ili ninyi mlale usingizi. Gharama ya vita vile Waingereza wanailipa mpaka leo; wanatozwa kwenye bia, kwenye mishumaa, hata dirisha linalowapa mwanga wanalilipia. Na majeshi bado yako huku, yanakula. Bunge likasema watu wa makoloni nao wachangie kidogo, kwenye chai, kwenye karatasi, kwenye rangi. Kidogo tu. Wakaanza kulia kama mtoto aliyetumwa maji kisimani."

Shubael aliegemea sururu.

"Wafaransa hao mwanangu Seth alikwenda kuwatoa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walimfukia kule msituni, karibu na maziwa ya kaskazini, na wenzake kumi na wawili, shimo moja. Mimi nimechimba makaburi ya mji huu wote, bwana, ila la mwanangu sikulichimba. Sasa nieleze vizuri, mchango wangu uliobaki ni upi?"

Gorham akatazama buti zake. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Nina kasha la glavu nyeupe ghalani. Ngozi ya mwanambuzi. Halijafunguliwa. Lichukue lote, bure. Pita nazo barabarani mchana kweupe, nyumba kwa nyumba. Wakikugusa, gavana atajua ndani ya siku mbili, na ataleta askari."

"Kumbe unataka mke wangu awe bendera yako."

"Nataka azikwe kama bibi."

"Alimwosha baba yako, na siku hiyo ulimwita 'we mwanamke'. Ukampa chakula chake uani, na mbwa." Shubael akainua sururu. "Sogea, bwana. Vipande vinaruka."

Gorham aliondoka. Shubael akaendelea kupiga, na kila pigo lilimrudishia swali lilelile. Akipeleka glavu, watu wa kamati watampaka lami mgane wa siku mbili, na Gorham atafurahi. Asipopeleka, hakuna atakayekuja. Hawatakosa kuja kwa chuki. Watakosa kwa adabu yao wenyewe. Walikuwa wamefuta glavu kwa kura moja, lakini aibu ya kwenda bila kuitwa hakuna kura iliyoweza kuifuta. Novemba walipomzika mzee Paine bila glavu, walikuja watu watano, na wawili kati yao walikuwa wabebaji wa kulipwa. Thankful atakwenda kwa mkokoteni, kwa kukosa wabebaji.

Alirudi nyumbani mikono ikiwa imechubuka, akalivuta sanduku.

Nondo hawakuwepo. Glavu zililala kwa safu, jozi juu ya jozi, majani makavu ya kufukuzia wadudu katikati. Akachukua ya juu, akaikunjua upindo wa kifundo ili aangalie ndani, kama alivyoagizwa. Pale ndani, kwa uzi mwekundu, palikuwa na herufi ndogo zilizoshonwa: D.H., na mwaka. Akachukua nyingine. Nyingine tena. Zote zilikuwa na herufi. Thankful hakujua kusoma kitabu, lakini bibi aliyemtumikia alimfundisha kushona alfabeti kwenye kitambaa, na alfabeti hiyo alikuwa ameitumia kwa miaka thelathini na mmoja, msiba baada ya msiba, akiandika kila jozi imetoka nyumba gani na mwaka gani, wakati mumewe akidhani anaweka akiba ya bibi kizee.

Shubael alikaa sakafuni, miguu mirefu mbele yake kama mtoto. Kila nyumba ipate glavu yake, Thankful alisema. Hakusema glavu tu. Alisema yake.

*

Alhamisi asubuhi, theluji ikidondoka kidogo, Shubael Crowell alitoka na kapu. Alikuwa amevaa koti la kanisani.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mjane Desire Hallett. Alipoliona kapu, alijaribu kuufunga.

"Mzee, tafadhali. Watanivunjia vioo, na vioo vipya haturuhusiwi kununua."

"Sikuletei glavu, Desire. Nakurudishia. Hizi ulinipa siku ya kumzika Isaac."

Desire alizichukua kama mtu anayepokea yai. Akaona herufi.

"Nani kashona hivi?"

"Thankful."

"Nilinunua za bei rahisi," alisema mjane. "Miaka yote hii nikikutana naye njiani nilikuwa naona aibu kwamba zilikuwa za bei rahisi."

"Zilikuwa nzuri."

"Mwongo mkubwa wewe." Akajifuta uso kwa aproni. "Kesho saa ngapi?"

Mlango wa pili ulifunguka kidogo, ukafungwa, na kitasa kikalia ndani. Shubael aliweka jozi kizingitini, akaendelea. Kwenye mlango wa tatu, kijana wa ukoo wa Freeman alizirusha kwenye theluji. Shubael aliinama, goti likagoma, akaziokota, akazipangusa, akazitundika kwenye nguzo ya ua.

"Ni za baba yako, si zangu," alisema. "Mrushe tena ukitaka."

Alipofika nyumba ya kumi, hakuwa peke yake tena. Nye alikuwa nyuma yake, na watu wanane, kisha kumi na tano. Sauti zikaanza.

"Babu, Mfalme amekulipa shilingi ngapi?"

"Muuza duka wa London huyoo! Una utepe wa kichwani, babu?"

"Mwacheni, anafanya mazoezi ya kutembea. Kesho atakuwa na mabawa!"

Shubael hakugeuka. Alikuwa amezoea kutembea mbele ya watu kwa mwendo wa jeneza, na mwendo huo ndio aliokwenda nao. Mlango, jina, mwaka, jozi. Nyumba zilizokuwa maskini mno kuwahi kutoa glavu, alisimama akaziita kwa mdomo, akaomba radhi kwa kukosa cha kuwarudishia. Bonge la theluji lilimpata shingoni, likayeyuka taratibu mgongoni. Akashuka mtaa wa bandarini. Mwisho wa mtaa ule kulikuwa na karakana ya mapipa.

Jabez alikuwa nje, kando ya moto wake wa kukunjia mbao. Juu ya moto kulikuwa na chungu cha chuma, na ndani ya chungu lami ilikuwa inapiga mapovu mazito. Watu wakajipanga duara bila kuambiwa. Nye akapita mbele, akachukua brashi ya mpini mrefu.

"Nilikuambia, mzee," alisema Jabez.

"Uliniambia nisitoe. Sijatoa hata moja. Kila niliyempa alikuwa amenipa yeye kwanza. Kasome azimio lako, uone kama mliandika kurudisha."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajizuia.

"Wakili wa makaburi!" alipiga kelele Nye. "Jabez, unangoja nini? Lami inakauka!"

"Usinichezee, mzee wangu," Jabez alisema polepole. "Si leo."

Shubael aliingiza mkono kwenye kapu. Akatoa jozi nyeusi.

"Hope Lothrop, 1761," alisema. "Ulinipa wewe mwenyewe, pale mlangoni pako, na ulikuwa hujalala siku tatu. Mke wangu alikuwa akija kila asubuhi kumgeuza mama yako na kumwosha, kwa sababu wewe ni mwanamume na hukuweza. Alipokufa akamwosha mara ya mwisho, akamfunga nywele kama alivyopenda. Hakuna aliyempelekea Thankful glavu siku ile, Jabez, na alikuwa amekaa jikoni. Shika. Una moto, una chungu. Ni mali yako, ichome."

Jabez alizipokea. Alizishika juu ya chungu, na mvuke wa lami ukazizunguka. Kisha kidole chake kinene kikakunjua upindo, kikakuta uzi mwekundu, kikatulia hapo.

"Ondoka," alisema.

"Naondoka. Saa tisa."

"Ondoka, mzee, kabla sijajua nitafanya nini!"

Shubael aligeuka. Duara likampa nafasi, nyembamba mno. Alihesabu hatua zake, mgongo ukiwa umekakamaa, ukingoja moto wa lami. Nyuma yake Nye alikuwa akisema kitu kwa haraka, na Jabez hakuwa akijibu. Kilichomfikia kilikuwa bonge jingine la theluji, likaangusha kofia yake. Aliiokota. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi na nne, akazimaliza zote.

*

Ijumaa alipanda mnarani mwenyewe, maana mpiga kengele mwingine hakukuwepo. Mapigo sita kwa mwanamke. Kisha hamsini na nane, moja kwa kila mwaka wake. Mnara ule ulikuwa na mbao za kuzuia upepo, na kutoka pale kwenye kamba hakuna kilichoonekana nje isipokuwa kipande cha anga. Alipiga na kusikiliza katikati ya mapigo. Hakusikia buti. Theluji ilikuwa nyingi, na theluji humeza miguu. Alijiambia hivyo kwenye pigo la ishirini. Kwenye la arobaini hakujiambia tena. Mkokoteni ulikuwa umeegeshwa nyuma ya kanisa, tayari.

Akafunga kamba, akashuka ngazi moja moja, akafungua mlango.

Walikuwa wamejaa uwanja mzima. Desire Hallett, kijana wa Freeman, yule wa kitasa. Hata Nye alikuwepo, uso umemkunjamana kama amekunywa siki. Walisimama kimya, wamejifunika makoti na shali, na mikono yao wote ilikuwa ndani. Wanaume, wanawake, hakuna mkono hata mmoja uliokuwa nje. Nani amevaa na nani amechoma, haikujulikana.

Nje ya ukuta wa makaburi, peke yake, alisimama Bwana Gorham na glavu nyeupe, mikono imewekwa mbele ili ionekane.

Shubael na mwendesha mkokoteni wakaweka jeneza juu ya miti miwili iliyolala juu ya shimo, kamba zikalazwa chini yake. Mchungaji alisema machache, kama ilivyokuwa desturi. Kisha ikafika sehemu ambayo lazima mikono itoke.

"Wabebaji," alisema Shubael. Sauti ilimtoka kavu.

Hakuna aliyesogea. Upepo ulipita. Halafu Jabez Lothrop akatoka kwenye kundi, akasimama kwenye kichwa cha jeneza, akatoa mikono. Ilikuwa mitupu, myekundu kwa baridi, na ndani yake alikuwa ameshika zile glavu nyeusi za mama yake. Akamtazama Gorham kule ukutani, muda mrefu wa kutosha kila mtu aone anamtazama nani. Akainama, akaziweka juu ya kifuniko.

"Umetuita, Mama Crowell," alisema. "Tumekuja."

Akashika kamba kwa mikono mitupu.

Desire akafuata, akaweka zake za bei rahisi. Kisha kijana wa Freeman. Kisha wote, mmoja mmoja, nyeusi, nyeupe, za zambarau, mpaka kifuniko hakikuonekana na nyingine zikateleza, zikaokotwa na kurudishwa juu. Aliyeweka alibaki mikono mitupu. Kule ukutani mtu pekee aliyevaa glavu za Uingereza alizitazama zake, akaificha mikono nyuma.

Walimteremsha Thankful na glavu zote juu yake. Hakuna mke wa gavana aliyewahi kuzikwa hivyo.

Shubael akachukua koleo, akatupa udongo mara moja, mara mbili. Mara ya tatu koleo likasimama hewani. Alikuwa ameelewa. Sanduku lilikuwa tupu. Nyumba zote zilikuwa zimepokea, na nyumba zote zilikuwa zimeweka. Katika Hobbs Cove nzima, maana za watu wengine zilishauzwa Boston zamani, hapakuwa tena na glavu ya msiba hata moja, isipokuwa mikononi mwa adui wa nchi. Kamati ilikuwa imepata ilichotaka, bila lami, bila moto, na aliyeizungushia kapu alikuwa yeye.

Akamtazama Jabez ng'ambo ya shimo.

"Umenizidi akili, mwanangu."

"Nisingeweza kuzichoma, mzee," alisema Jabez kwa sauti ya chini. "Naapa nisingeweza."

"Najua. Ndiyo maana umenipa mimi nizifukie."

Jabez alinyoosha mkono aombe koleo, Shubael akakataa. Akamaliza mwenyewe mpaka juu, akapiga udongo kwa bapa la koleo, kama alivyowapigia wote.

Majira ya kuchipua zilikuja habari kutoka London kwamba Bunge limefuta ushuru wa vioo, wa karatasi na wa rangi, likabakiza wa chai tu, ili watu wasisahau ni nani mwenye haki ya kutoza. Karakana ya mapipa walifungua ramu. Shubael alipita, wakamwita, wakampa kikombe.

"Tumeshinda, babu!" alisema kijana wa Freeman. "Karibu tumeshinda!"

"Na glavu?" aliuliza Shubael. "Zitarudi sasa?"

Kijana alimtazama, kikombe kimefika nusu ya njia ya mdomo.

"Glavu gani, babu?"

Shubael akaweka kikombe chake juu ya pipa, hajakigusa, akaenda kupiga kengele ya saa sita.